Kulala Ndani ya Gari la Kukodi: Kutoka Tarime Mpaka Seronera

Anayepanga kuzunguka Mkoa wa Mara kwa gari kwa kawaida huanza kwa kuhesabu kilomita na bei ya mafuta. Hapo ndipo hesabu inapoharibika mapema. Katika safari hii fedha inaliwa na saa kuliko barabara. Gari linakodishwa kwa siku, kibali cha Hifadhi ya Serengeti kina saa zake, na usiku mmoja katika chumba cha lodge ndani ya hifadhi unaweza kuzidi mafuta ya safari nzima. Zipange saa zako vizuri, na familia ya mwalimu wa Mugumu au mfanyabiashara wa dagaa wa Musoma itawaona simba wa Seronera, katikati ya hifadhi, bila kukopa.

Nayasema haya kwa sababu wilaya za Tarime na Serengeti zina watu wengi waliokua wakiisikia hifadhi ikitajwa redioni, wakauona upande wake wa mbali kila siku wakichunga, lakini hawajawahi kuvuka lango. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kutoka Mugumu mpaka lango la Fort Ikoma ni mwendo wa kama saa moja tu. Kinachowazuia watu ni imani kwamba safari ile ni ya wageni wenye dola. Kwa Mtanzania, na kwa raia yeyote wa Afrika Mashariki, bei ya langoni ni nyingine kabisa. Kinachobaki ni mahali pa kulala, na hapo ndipo gari linapokuja kukuokoa.

Gari la kulala la kwetu

Yale magari makubwa yenye kitanda, jiko, sinki na choo ndani, yanayokodishwa Ulaya na Marekani, huku huyakuti. Hata ungeyakuta, nisingekushauri uyapeleke barabara ya vumbi: ni mazito, yako chini, na choo chake kinataka mahali maalumu pa kumwagia. Gari la kulala la Afrika Mashariki lina sura mbili. La kwanza ni Land Cruiser, Prado au RAV4 lenye hema juu ya paa. Hema linakunjuliwa kwa dakika chache, unapanda kwa ngazi, na nyuma ya gari kuna vyombo, jiko la gesi, meza ya kukunja na pengine friji ndogo ya kutumia betri. Haya hukodishwa zaidi Arusha, Nairobi na Kampala, na bei yake hutajwa kwa dola. La pili ni la kujitengenezea. Unakodi Noah au Hiace mtaani Mwanza, Musoma au Tarime, unalaza viti vya nyuma, unatandika godoro la sponji lililokatwa kwa kipimo cha sakafu, unatundika chandarua na vitenge madirishani, kazi imekwisha.

Msilidharau hili la pili. Kiangazi, Noah yenye tairi nzima itakufikisha Tarime, Mugumu, Fort Ikoma na Seronera kwa barabara kuu. Haitafaa kwa vijia vya kandokando ya mito ambako watu huenda kutafuta chui, na mvua ikinyesha haifai kabisa. Kama mko watu wazima wanne, changeni mkodi gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kodi ya gari ni ileile mkiwa wawili au watano, kwa hiyo kiti kinachobaki wazi ndicho gharama kubwa kuliko zote mnazoweza kuziepuka.

Gari linakotoka nako kuna uzito wake. Gari la Arusha likipita njia fupi linakatiza Ngorongoro, eneo lenye mamlaka yake, NCAA, na huko kuna ada hata kwa anayepita tu. Utakuwa umelipia maeneo mawili kabla ya kufika Mugumu. Gari la Nairobi linafika mpakani, Isebania na Sirari, kwa lami nzuri, lakini likiwa na namba za Kenya, Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, hulitoza kwa dola, mara kadhaa ya lile lenye namba za Tanzania. Abiria wake Wakenya wakionyesha vitambulisho hulipa kwa shilingi kama sisi. Ni gari lenyewe linalowagharimu. Ndugu zetu wa Migori na Kisii, njooni kwa basi mpaka Sirari, mvuke mpaka, mkodi gari upande huu. Wala msitegemee kukatiza kutoka Masai Mara: njia ya Bologonja haipitishi watalii tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika.

Kuna njia moja ya kupata gari zuri kwa bei ya chini ambayo wachache huiulizia. Australia, New Zealand na Marekani, kampuni za magari ya kulala hujikuta magari yamerundikana mji mmoja na wateja wako mji mwingine, zikamkodisha gari kwa hata dola moja kwa siku mtu atakayelirudisha linakohitajika. Kwetu hakuna utaratibu rasmi kama huo, lakini sababu yake ipo. Gari la safari linalowashusha wageni Mwanza wakapande ndege hurudi Arusha tupu. Piga simu, uliza ni gari gani linarudi tupu wiki ijayo na kama linaweza kupitia Mugumu. Mwenye gari aliyekuwa achome mafuta bila abiria ana kila sababu ya kukusikiliza.

Kabla hujatia saini

Hapa usiwe na haraka. Watu hupoteza fedha uani kwa mwenye gari kuliko wanavyozipoteza porini.

Uliza bima kwanza. Bima ndogo inalipa hasara ya mtu mwingine. Gari mlilolikodi likipinduka au kioo kikipasuka, hasara hiyo haiigusi kampuni ya bima. Bima kubwa inalipa gari, lakini nayo ina kiasi cha kwanza ambacho lazima kitoke mfukoni mwa mtu, na mkataba ndio unaosema mfuko huo ni wa nani. Kiasi hicho kiandikwe kwa tarakimu. Kiandikwe pia kwamba gari limeruhusiwa kupita barabara za vumbi na kuingia hifadhini, maana wapo wanaokodisha Noah kwa ajili ya harusi, na wakisikia baadaye imekwenda Serengeti, amana yako hairudi. Pancha ni ya nani? Gari likifia njiani nani anamlipa fundi, na siku lililolala gereji mnahesabuje? Je, kodi ina kikomo cha kilomita kwa siku? Kikomo cha kilomita 100 au 150 kinaonekana kikubwa mjini, lakini safari ya Mara itakivuka siku ya kwanza.

Kisha omba kuiona kadi ya gari. Angalia uzito wake mtupu, kwa sababu ada ya gari hifadhini hupangwa kwa uzito na gari lililozidi kilo 2,000 hupanda daraja. Kwenye magari ya aina ya Prado tofauti ndogo ya kilo inaweza kukuongezea ada kila siku. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani uone kama lina deni. Faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, na gari lenye deni la wengine likisimamishwa Bunda, atakayechelewa ni wewe. Hati ya bima, kizimamoto kisichopitwa na tarehe, pembetatu za tahadhari: viwemo, uvione kwa macho.

Hema la paa ulifungue mwenyewe palepale uani. Panda, lala, funga zipu zote. Zipu iliyokatika utaijua saa mbili usiku fisi wakilia karibu, na huo si wakati wa kujifunza. Washa jiko. Jaribu jeki kwa kuinua gari kweli, shusha tairi la akiba ulipige kofi, hakikisha spana ya nati za magurudumu inaingia. Kwa barabara zetu tairi moja la akiba ni dogo. Omba la pili, hata kama utaliongezea kitu. Koleo, kamba ya kuvutia na kipande cha ubao wa kuwekea jeki kwenye udongo laini ni vya lazima. Ukimaliza, piga video gari zima, ndani na nje, pamoja na dashibodi inayoonyesha kilomita na mafuta, umtumie mwenye gari hapohapo kwa simu. Ugomvi mwingi wa siku ya kurudisha unakufa kwa video hiyo.

Ukikodi pamoja na dereva, kumbuka kwamba naye hula, hulala na hulipiwa langoni. Mkubaliane posho yake mapema na mahali atakapolala. Dereva aliyelala vibaya kwenye kiti cha mbele ni hatari kwenu nyote. Lakini dereva anayeijua Serengeti anakuokolea saa nyingi za kuzunguka bila kuona kitu, na kwa anayekwenda mara ya kwanza mimi ningemchukua.

Mzunguko

Tuseme umekodi Mwanza. Mzunguko ninaoupendekeza unakwenda Bunda, Makutano, Tarime, kisha Mugumu, lango la Fort Ikoma, Seronera, halafu unatoka kwa Ukanda wa Magharibi mpaka lango la Ndabaka na kurudi Mwanza kwa lami. Barabara kubwa huirudii ila kile kipande cha mwisho. Ni kama kilomita 750, weka nyingine 150 za kuzunguka ndani ya hifadhi, ufanye 900. Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 litataka lita 110 hivi. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, kwa hiyo unaweza kulinganisha Mwanza, Tarime na Mugumu kabla hujatoka nyumbani. Jaza Mwanza, ongeza Mugumu. Seronera kuna kituo cha mafuta, lakini kichukulie kama cha dharura.

Ukishapita Lamadi utaliona lango la Ndabaka kulia, karibu kabisa na barabara kuu. Lipite. Anayeingia hapo siku ya kwanza, jua limeshapanda, hutumia saa zake bora za kibali akiendesha katika joto la mchana wanyama wakiwa wamelala vivulini.

Usiku wa kwanza lala Tarime. Kutoka Mwanza ni kama kilomita 300 za lami, na baada ya Makutano utavuka Daraja la Kirumi, mahali Mto Mara unapopita kwenye mafunjo ukielekea Ziwa Viktoria. Punguza mwendo kwenye kila kibao cha 50, na kwingine pia, maana trafiki wenye tochi wapo, na muhimu zaidi wapo ng'ombe. Jioni mifugo inarudi bomani kwa kutumia barabara hiyohiyo. Fika kabla ya giza.

Tarime ni nyanda za juu, na usiku wake baridi inauma kuliko mtu wa Mwanza anavyotegemea. Blanketi nzito, si shuka. Kulaza gari mjini si kazi ngumu: gesti na hoteli nyingi zina uwanja wenye uzio na mlinzi, na nyua za parokia pia hupokea watu wakiombwa vizuri. Nenda kwa mwenye mahali, msalimie, mwambie wazi: "Shikamoo mzee, tunaomba mahali pa kulaza gari, tutalala humohumo, na tutalipia choo na maji." Bei itakuwa ndogo kuliko ya chumba. Usilale kando ya barabara wala kwenye kituo cha mafuta kisicho na mlinzi. Kijijini, usilale kabla ya kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji; gari geni lenye vitenge madirishani, katika nchi ambayo watu wameumizwa na wizi wa mifugo, lina haki ya kuulizwa.

Asubuhi pita sokoni Tarime. Udongo ule wa vilimani unatoa ndizi, mahindi, viazi na mboga kwa bei ambayo Mugumu hutaipata, na hifadhini hutaipata kabisa. Nunua chakula cha siku tatu. Kisha shika barabara ya Mugumu, kilomita 87, kupitia Nyamwaga na Nyamongo. Huko Nyamongo ndiko uliko mgodi wa dhahabu wa North Mara, kwa hiyo kuna malori, na vumbi la lori moja linaweza kukuficha barabara yote. Washa taa, kaa mbali nyuma yake, usijaribu kumpita mtu usiyeona mbele yake. Mtavuka Mto Mara tena, safari hii ukiwa na maji yanayotembea, kisha mnaingia Wilaya ya Serengeti.

Mwenye nafasi ya siku moja zaidi anaweza kuja Mugumu kwa upande mwingine, kutoka Makutano kupitia Butiama, Natta na Isenye. Pale Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere na kaburi lake. Kwa watoto kituo hicho kina faida kuliko saa mbili za kutafuta faru.

Lala Mugumu usiku wa pili, ndani ya uwanja kama Tarime. Unaweza kusogea mpaka Robanda, kijiji kilicho jirani na lango, lakini huko umeshaingia kwenye eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, inayoundwa na vijiji vya Robanda, Natta Mbiso, Nyakitono, Makundusi na Park Nyigoti. Tembo na nyati hutembea humo usiku, na kulala lazima iwe kwenye kambi iliyoruhusiwa. Ada ya huko huenda kwenye vijiji vyenyewe, jambo ambalo kwangu linatosha kuifanya iwe fedha ya halali.

Saa 24

Asubuhi ya siku ya tatu usikimbilie langoni. Hapa ndipo mbinu yenyewe ilipo.

Kibali kwa anayelala ndani kinahesabiwa saa 24 tangu unapoingia, na ni cha kuingia mara moja: ukitoka umekimaliza. Anayeingia saa kumi na mbili asubuhi na kulala ndani, kesho yake saa kumi na mbili kibali kimekwisha, wakati ndio simba wanarudi kutoka kuwinda. Atalipia siku ya pili. Ingia saa saba mchana. Fika Seronera baada ya saa moja na nusu hivi, panga kambi, toka saa kumi jua linapopoa, rudi kambini kabla ya giza. Alfajiri unaamka na kutoka saa kumi na mbili, una saa saba nzima za kuangalia wanyama ukishuka polepole Ukanda wa Magharibi, na unavuka lango la Ndabaka kabla ya saa saba. Kwa ada ya siku moja umepata jioni moja na asubuhi moja, ambazo ndizo nyakati wanyama wanapotembea. Umbali wa Seronera mpaka Ndabaka ni kama kilomita 145 na mwendo wa juu hifadhini ni kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo muda unatosha kusimama mara nyingi ila hautoshi kulala usingizi wa pili. Saa iliyoandikwa kwenye kibali chako ndiyo sheria. Isome ukiwa bado langoni.

Gharama yenyewe? Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mtu mzima raia wa Afrika Mashariki hulipa Serengeti shilingi 10,000, mtoto wa miaka 5 hadi 15 shilingi 2,000, wa chini ya hapo haulipiwi, na gari jepesi la namba za Tanzania shilingi 20,000. Kila ada huongezwa VAT ya asilimia 18. Baba, mama, watoto watatu wa shule na Noah yao inakuwa 23,600 na 7,080 na 23,600, jumla shilingi 54,280. Ongeza ada ya kambi ya umma, inayolipwa kwa shilingi, kwa kichwa na kwa usiku. Ada hizi zinaweza kubadilika mwaka wa fedha unapoanza Julai, kwa hiyo uliza TANAPA kabla ya kupanga bajeti. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Fanya kazi hiyo Mugumu ambako mtandao ni mzuri, tumia asubuhi yako ya bure kwa hilo na kwa kujaza mafuta na maji. Vitambulisho vya wote viwe mkononi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia.

Kambini

Seronera kuna kambi za umma kadhaa zilizo karibukaribu: Pimbi, Nyani na Dik Dik ni miongoni mwao. Kuna vyoo, bafu la maji baridi, banda la kupikia na banda la kulia lenye wavu. Uzio hakuna. Jambo hilo lisemwe kwa kila mtoto kabla ya kushuka garini: hapa mwenyeji ni mnyama.

Pika bandani mapema, kule, si mlangoni mwa hema. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha na kubaki. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari hata kwa ajili ya baridi; gesi yake ya sumu haina harufu, na gari lililofungwa madirisha huwa kaburi. Acha dirisha wazi kidogo, chandarua kiko kwa kazi hiyo. Vyakula vyote, hata ganda la ndizi, na hata dawa ya meno, viingie kwenye sanduku la gari na si hemani. Viatu visibaki nje: fisi huvichukua akavitafuna. Ngazi ya hema mtu akishapanda ipandishwe. Kukojoa usiku kumalizwe kabla ya kulala, na akilazimika mtu, amulike kwanza pande zote kwa tochi yenye nguvu; macho yanayorudisha mwanga yanakwambia ubaki ulipo. Wenye watoto wadogo wawe na kindoo chenye kifuniko ndani ya gari. Simba wakipita, kaa kimya na uache wapite. Hema lililofungwa vizuri wanaliona kama kitu kimoja kikubwa, na gari vivyo hivyo.

Maji ya bomba kambini usiyanywe. Mtu mmoja lita tano kwa siku, za kunywa na kupikia, kwenye madumu yenye mifuniko inayobana. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na langoni wanaangalia. Muziki pia uache. Huko sauti ya simba hufika mbali, na aliyekuja kutoka Sirari kuisikia asikose kwa sababu ya spika yako.

Ukanda wa Magharibi una mbung'o. Hupenda rangi nyeusi na bluu iliyokoza, na hufuata gari linalotembea. Vaa kaki au rangi zilizofifia, mikono mirefu, na pandisha vioo kwenye vichaka. Mtu akipata homa baada ya kurudi, siku au hata wiki kadhaa, apimwe malaria na amwambie daktari kwamba aliumwa na mbung'o. Asipotaja, haitafikiriwa.

Miezi

Mvua ndiyo inayopanga njia. Ukanda wa Magharibi una udongo mweusi unaonata. Mvua kubwa ya masika, Machi mpaka Mei, huugeuza ukawa gundi, na hata Land Cruiser hukwama siku nzima. Ukiona mawingu mazito Seronera alfajiri, achana na Ndabaka, rudi Fort Ikoma ulikotoka. Kodi ya siku moja ya ziada kwa sababu ya kukwama ni kubwa kuliko mafuta ya kurudi kwa Bunda. Juni mpaka Oktoba barabara ni kavu. Kati ya Mei na Julai nyumbu, zaidi ya milioni moja, huwa wanapita upande wa Mto Grumeti, katika ukanda huohuo, kwa hiyo mwezi Juni mzunguko huu unakupa kitu ambacho wageni huvuka bahari kukiona. Julai mpaka Oktoba wako kaskazini, Kogatende na Lamai, wakivuka Mto Mara. Kule upande wa Tarime panahitaji gari lenye nguvu, dereva mzoefu, na kuwauliza askari wa hifadhi hali ya mto siku hiyohiyo. Kwa safari ya kwanza ya bei nafuu ningeacha Lamai. Seronera ina simba na chui mwaka mzima kwa sababu mto wake haukosi maji.

Siku ya kurudisha

Ukitoka Ndabaka una kama kilomita 140 za lami mpaka Mwanza. Osha gari kabla ya kulikabidhi, ndani hasa, kwa sababu vumbi la Serengeti lina tabia ya kuonekana kwenye viti baada ya wewe kuondoka. Jaza mafuta mpaka alama iliyokuwa kwenye video. Angalia tena namba ya gari kwenye mfumo wa faini na ulipe kilicho chako siku hiyohiyo. Kabidhi mchana, mwenye gari mwenyewe akiwapo, mzunguke gari pamoja mkiwa na video ya mwanzo, akuandikie kwenye nakala yako ya mkataba kwamba amelipokea bila dai. Kisha aitume amana kwa simu ukiwa bado umesimama pale.